Mama, ule weusi ulikuwa hewa

Columbus, Ohio
Novemba, Jumapili usiku

Kwa Mama na Baba,

Shikamoo Mama. Shikamoo Baba. Ama baada ya salamu, mimi huku mzima, namshukuru Mungu. Shida ni baridi tu, na hiyo nayo nimeshaizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mwenzake mkorofi. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kuna mtu anakuja Tanga wiki ijayo, halafu kwenye simu hatufiki mbali. Mama unauliza swali, mtandao unakata, ukirudi hewani umeshahamia kwenye bei ya nazi. Atakayewasomea asiruke mistari.

Mama, mara ya mwisho uliniambia mambo mawili, nikacheka, ukakasirika. Uliuliza kama hiyo mionzi haitanimalizia kizazi. Tena ukasema Shangazi ameshatangaza Ngamiani nzima kwamba mtoto wa kaka yake anasomea udaktari wa eksirei. Naomba radhi kwa kucheka. Naanza na la Shangazi maana ndilo jepesi.

Mimi si daktari, na nikimaliza sitakuwa daktari, nitakuwa mpigaji wa picha za eksirei. Daktari wa mionzi ni yule anayekaa kwenye chumba chenye giza mbele ya skrini, anasoma picha na kuandika ripoti. Huyo amesota shuleni miaka mingi kuliko mimi. Wengi wa wagonjwa hawamwoni kabisa. Wanayemwona ni mimi. Mimi ndiye ninayewaita kutoka kwenye benchi, nawauliza jina na tarehe ya kuzaliwa hata kama tumeonana jana, nawaweka sawa, napima umbali, nachagua nguvu ya mionzi, napiga. Mgonjwa akiniuliza, "Umeona nini?" najibu kwamba daktari atamwambia. Hata kama nimeona mfupa umevunjika vipande viwili, sura yangu haitakiwi kusema kitu. Hiyo ndiyo sehemu iliyonishinda mwanzoni, maana sura yangu unaijua.

Masomo yenyewe ni miaka 2, achilia mbali mwaka niliomaliza kusoma anatomia, hesabu na istilahi za hospitali kabla sijapokelewa. Siku mbili niko darasani, siku tatu hospitalini, na hizo za hospitalini hawanilipi hata senti. Ndiyo maana Jumamosi mkipiga simu hamnipati: niko ghalani nabeba maboksi, kodi ya nyumba haisubiri mtu amalize shule. Hospitalini nina daftari la vipimo ninavyotakiwa kuonyesha kwamba naviweza, mkono, kifua, nyonga, fuvu, mtoto mchanga, mtu aliyeletwa na gari la wagonjwa, vinapita 50 kwa jumla. Kila kimoja lazima mtu mwenye leseni asimame aangalie, kisha aweke saini. Bado 11.

Baada ya hapo ni mtihani wa taifa. Unasimamiwa na bodi iliyoanzishwa mwaka 1922, ofisi zake ziko St. Paul, Minnesota. Maswali yanayohesabiwa ni 200, na wanachanganya na mengine ya majaribio bila kukuambia yapi ni yapi. Ukifeli una nafasi tatu ndani ya miaka mitatu, zikiisha unarudi darasani. Ukipasi unaruhusiwa kuandika herufi mbili baada ya jina lako, R na T. Shangazi akitaka kutangaza, atangaze hizo.

Na Mjomba mwambieni nampenda, lakini zile picha za mgongo wake asinitumie tena kwenye WhatsApp. Ameishika eksirei dirishani, akaipiga picha na simu, mgomba wa jirani unaonekana katikati ya pingili za uti wa mgongo. Hata yule bingwa wa kwenye chumba cha giza asingeona kitu pale. Aende kwa daktari aliyemwagizia.

Sasa la mionzi.

Mama, unakumbuka ulivyokuwa ukitufukuza jikoni? "Sogea nyuma, moto unarusha!" Mionzi ni hivyo hivyo, ila hupungua kwa kasi ambayo mtu hatarajii. Ukisimama mita mbili badala ya moja, hupati nusu, unapata robo. Ukisimama mita tatu unapata sehemu moja tu ya tisa. Halafu mimi sisimami hata hapo. Nasimama nyuma ya ukuta wenye risasi ndani yake (risasi ile ya madini, siyo ya bunduki, usije ukashtuka), namwangalia mgonjwa kupitia kioo kizito. Kitufe kina hatua mbili. Ukibonyeza ya kwanza unasikia mashine inazunguka ndani, vuuu, kama feni inayowashwa. Ukibonyeza ya pili inapiga, mara nyingi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ukikiachia, mionzi imekwisha. Haibaki chumbani, haibaki kwenye shuka, haibaki mwilini mwa mgonjwa. Siyo kama moshi.

Tena shingoni nabandika kibeji kidogo kinachohesabu kila kinachonipata. Kwa sheria ya huku mfanyakazi asizidishe milisiveti 50 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayompata mtu). Kibeji changu cha miezi mitatu iliyopita kilirudi na herufi M, maana yake kiasi chenyewe hakikufika hata kiwango cha kuandikika. Na wajukuu unaowadai, yupo dada mmoja darasani kwetu alipata mimba katikati ya masomo. Alitoa taarifa kwa maandishi, wakampa kibeji cha pili cha kuvaa tumboni, kikomo chake kikashushwa hadi milisiveti 5 kwa mimba nzima. Amejifungua salama, mtoto ana mashavu kama maandazi. Kwa hiyo kisingizio cha mionzi sina. Visingizio vingine ninavyo.

Sikwambii kwamba hofu yako haina msingi. Zamani mionzi hii iliwala watu kweli. Mjerumani Röntgen aliigundua tarehe 8 Novemba 1895, na mwezi uliofuata akaupiga mkono wa mkewe, ukaonekana mifupa mitupu na pete inaning'inia kidoleni. Watu wakapagawa. Kila mtu akataka kuona mifupa yake, hakuna aliyejikinga. Msaidizi wa Edison hapa Marekani, Clarence Dally, alikuwa akiijaribu mitambo kwa mikono yake mwenyewe siku nenda rudi. Ngozi ikaungua, wakamkata mikono, na mwaka 1904 akafa. Tunafundishwa habari zake wiki ya kwanza, kabla hatujaonyeshwa mashine. Juzi tarehe 8 ilikuwa siku ya watu wa kazi yetu duniani, wakatuletea keki. Nilimkumbuka Dally nikiwa na kipande mdomoni. Pete, kwa taarifa yako, siku hizi tunawavua.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo sikuweza kukusimulia kwenye simu. Kitu kinachonikosesha usingizi si mionzi inayonipata mimi. Ni ile ninayowapa wengine.

Mwezi wa tisa aliletwa bibi mmoja, mzaliwa wa Barawa kule Somalia, anakohoa. Alikuja na mjukuu wa kutafsiri, lakini mjukuu akapigiwa simu akatoka nje, tukabaki wawili. Nikamjaribu kwa Kiswahili. Mama, uso wa yule bibi! Alinishika mkono akaanza kunieleza habari za kikohozi chake tangu mwanzo, kwa Kiswahili chake cha kwao, kingine nakipata kingine kinanipita, mimi naitikia tu, "Naam bibi, naam." Nilimvalisha gauni la hospitali, shela akakataa kuvua. Nikamwekea pazia, nikamtoa pini moja baada ya nyingine, nikamtoa na mkufu. Nikajiona fundi.

Nikamsimamisha, kifua kimegusa ubao unaopokea picha, kidevu juu, mikono kiunoni, mabega nikayasukuma mbele ili mifupa ya mabega ipishe mapafu. Unajua kwa nini anatupa mgongo? Kumbuka kivuli cha koroboi ukutani. Ukisogeza mkono karibu na ukuta, kivuli kinakuwa saizi ya mkono wako. Ukiurudisha karibu na koroboi, kinakuwa cha jitu. Moyo uko upande wa mbele, kwa hiyo tunaubana karibu na ubao, na mashine tunairudisha nyuma sentimita 183, la sivyo mtu mzima wa afya ataonekana ana moyo uliovimba. Nikamwambia, "Vuta pumzi bibi, itoe. Sasa vuta tena, nyingi, uizuie." Akaizuia kama mpiga mbizi. Nikapiga.

Picha ikatokea kwenye skrini. Mbavu 10 za nyuma zinahesabika juu ya kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, nzuri kabisa. Na juu kulia, penye ncha ya pafu, pini moja nyeupe pee, imelala kama samaki.

Ilikuwa kwenye pindo la shela, nyuma ya shingo. Sikupapasa.

Ningeweza kusema ni pini tu, kila mtu anaona ni pini. Lakini kifua kikuu kinapenda pale pale juu, na huyu ni mtu anayekohoa. Huwezi kumwambia daktari achungulie pembeni mwa pini. Ikabidi turudie. Mwanafunzi haruhusiwi kurudia picha peke yake, nikaenda kumwita msimamizi. Ni mama mmoja mtu mzima, hana maneno. Aliangalia skrini, akaniangalia mimi, akasema, "Nenda kamwambie kwa nini." Si kwamba mashine imegoma. Nikaenda nikamwambia yule bibi kwamba nimekosea mimi, nimesahau pini. Picha moja ya kifua ni takriban milisiveti 0.1, sawa na ile ya asili anayoipata mtu kwa siku 10 hivi akiwa amekaa tu nyumbani kwake. Ni ndogo. Lakini ilikuwa ya bure, na sikumwomba. Bibi akacheka, akaishika ile pini akaniwekea kiganjani. Ninayo hadi leo, nimeichoma kwenye mkanda wa kibeji changu. Tangu siku hiyo napapasa shingo za watu kama kinyozi. Misuko nayo nainyanyua juu, maana rasta zikiangukia mabegani zinatokea kwenye picha kama michirizi kwenye pafu.

Wakati nasubiri picha ya pili itokee nilimkumbuka Baba.

Mwaka ule nikiwa darasa la tano, Baba anakohoa, mkaenda hospitali ya Bombo, mkarudi na ile bahasha kubwa ya kaki. Sijui kama unakumbuka. Ulifika, ukavua viatu, hukunywa hata maji. Ukaitoa ile filamu ukainyanyua kwenye dirisha la sebuleni, ukaangalia, ukakaa chini ukalia. Ukasema, "Mapafu yamekuwa meusi yote." Majirani wakaja, nao wakaangalia, wakasema ndiyo, ni meusi, ni yale masigara. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika kikombe. Usiku kucha nilimsikiliza Baba akipumua.

Mama, ule weusi ulikuwa hewa. Mionzi inapopita mahali penye hewa haizuiwi na kitu, inaifikia filamu na kuiunguza ikawa nyeusi. Mfupa unaizuia, ndiyo maana mfupa ni mweupe. Pafu zima lenye afya linatakiwa kuwa jeusi. Ulilia kwa sababu ya sehemu iliyokuwa nzuri. Ugonjwa ulikuwa kile kiwingu cheupe kidogo huku juu, ambacho sote tulidhani ni doa la kidole. Hakuna aliyetukalisha akatuambia, na sisi tusingethubutu kuuliza. Baba akanywa dawa miezi 6, akapona, lakini wewe nadhani hukuwahi kuacha kuamini kwamba anaishi na mapafu meusi. Ndiyo maana hadi leo unamfungia madirisha.

Mfungulie madirisha.

Na goti lako, usiniambie tena kwamba linauma kidogo. Nenda. Wakisema wanapiga picha, waambie kama inawezekana wakupige umesimama, mwili ukilemea goti, maana ukilala kitandani nafasi ya kiungo inaonekana nzuri kuliko ilivyo. Usiende na sketi ya zipu pembeni. Fedha nimemtumia Kaka, zingine ni za ada ya mtoto wake, asizichanganye.

Ile bahasha ya Baba kama bado iko juu ya kabati, iwekeni mahali pakavu, ilale bapa, watoto wasiiguse katikati. Nikija mwakani nataka kuiangalia. Kuiangalia tu, Mama, siyo kuisoma.

Msalimieni Shangazi, Mjomba na wote wa mtaani.

Wasalaam,
ni mimi kitinda mimba wenu