Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tunapima Nini Tunaposema Bahari Ina Thamani?

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nimeulizwa swali moja kuliko mengine yote: "Kwa hiyo bahari ina thamani ya pesa ngapi?" Wameniuliza wapanga mipango, waandishi wa habari, hata wanafunzi. Wote nimewajibu kwamba chama chenu, kinachopima thamani ya bahari, hakitatoa namba moja, na taarifa hii inaeleza sababu.

Namba kubwa hazijakosekana. Mwaka 1997 watafiti walioongozwa na Robert Costanza walikadiria kwamba huduma za mifumo ikolojia duniani, yaani kazi ambazo maumbile humfanyia binadamu, zina thamani ya takribani dola trilioni 33 kwa mwaka, na karibu theluthi mbili ya hizo zilitoka baharini na pwani. Mwaka 2016 OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, lilikadiria kwamba shughuli za kiuchumi za baharini zilizalisha dola trilioni 1.5 mwaka 2010, yaani kama asilimia 2.5 ya pato la dunia. Msomaji wa kawaida akiziona namba hizi pamoja atadhani mmoja kati yao amekosea. Ukweli ni kwamba kila mmoja alipima kitu chake. Costanza na wenzake walipima kazi ambayo bahari inafanya bila kulipwa: kuvunja mawimbi, kulea samaki, kuchuja taka. OECD ilipima biashara za wanadamu: meli, bandari, mafuta na gesi, utalii, samaki. Kamati yenu ya takwimu imetumia miezi ya kwanza ya mwaka kuzitenganisha hesabu hizi mbili katika majedwali yetu, na kazi hiyo isiyoonekana ndiyo iliyotuokoa tulipofika kwenye kosa letu wenyewe.

Nalieleza kosa hilo wazi, maana rasimu ilikwisha kufika mikononi mwa watu wa nje. Katika rasimu ya hesabu za pwani tuliipa mikoko thamani kwa kuwa hulea samaki. Kurasa chache mbele tukaandika samaki wote waliovuliwa, kwa bei yao kamili. Samaki yule yule akahesabiwa akiwa mchanga chini ya mizizi ya mkoko, kisha akahesabiwa tena akiwa kwenye mizani. Mwanachama kijana wa kamati ndiye aliyegundua, usiku, akilinganisha safu mbili za jedwali. Tulipoondoa marudio hayo jumla ilishuka sana, na baadhi ya waliokuwa wamekwisha kuinukuu hawakufurahi. Mimi namshukuru binti huyo mbele yenu. Chama kinachopima thamani hakina mtaji mwingine zaidi ya kuaminika kwa namba zake.

Sasa nije kwenye dodoso, yaani maswali tunayoziuliza kaya za pwani, ambalo ndilo jambo lililonigusa kuliko yote.

Nilifuatana na wadadisi siku mbili. Katika nyumba moja tulimkuta mama ameketi mlangoni akimenya chaza, ndoo imejaa hadi ukingoni, vidole vimekatwakatwa na makombe. Mdadisi akamsomea swali kama lilivyoandikwa: "Kazi yako kuu ni ipi?" Mama akajibu bila kusita, "Sina kazi, niko nyumbani tu." Mdadisi akaandika: hana kazi. Hakukosea, aliandika alichoambiwa. Ndoo ile haikuingia popote.

Tulibadilisha swali. Sasa tunauliza: "Katika siku saba zilizopita, nani katika kaya hii alikwenda pwani maji yalipokupwa, na alirudi na nini?" Kisha tunauliza kiasi gani kililiwa nyumbani, kiasi gani kiligawiwa jirani, kiasi gani kiliuzwa. Majibu yalibadilika mara moja.

Hata hivyo, swali zuri peke yake halikutosha. Duru yetu ya pili ilichelewa kwa sababu fedha za kazi ya uwandani zilichelewa kutolewa, na wadadisi wakafika wakati wa maji mafu. Bahari ilikuwa hairudi nyuma kiasi cha kuacha mwamba wazi, hakuna aliyekuwa akiokota kitu, na fomu zikarudi na sifuri tupu. Wangefika wiki moja baadaye, kwenye bamvua, siku za mwezi mpya au mpevu maji yanapokupwa mbali, wangekuta pwani imejaa wanawake na watoto. Kwa hiyo kamati tendaji imeamua kuwa ratiba ya uwandani itafuata mwezi wa angani, na mwezi wa ofisini utafuata nyuma. Kila duru itagusa bamvua na maji mafu, kisha wastani uchukuliwe. Nashangaa kwamba tulihitaji hasara ili tujifunze jambo ambalo mtu yeyote wa pwani angetuambia bure.

Jambo hili si dogo hata kwa kipimo cha dunia. Hesabu ile ya OECD ilitaja ajira milioni 31 za muda wote, lakini sehemu kubwa ya uvuvi mdogo ilibaki nje. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), Chuo Kikuu cha Duke na shirika la utafiti la WorldFish ulionyesha kwamba wavuvi wadogo huvua angalau asilimia 40 ya samaki wote wanaovuliwa duniani, kwamba asilimia 90 ya ajira katika uvuvi zimo kwao, na kwamba katika kila watu 10 wanaoishi kwa kazi hizo, 4 ni wanawake. Anayepanga bandari mpya au hoteli ya ufukweni huku jedwali lake halina watu hao, atawahamisha bila kujua kwamba amehamisha kitu.

Upande wa akiba, yaani mali iliyobaki baharini, tumepiga hatua. Pato la taifa huandika samaki aliyevuliwa kama mapato, lakini kwa miaka yote halikuandika kwamba samaki baharini wamepungua. Mfano ninaoutumia kwenye mafunzo yetu ni wa Newfoundland, Kanada. Meli zenye nguvu zilivua samaki wa cod kupita kiasi kwa miongo kadhaa, na kila tani iliingia vitabuni kama faida. Julai 1992 serikali ilifunga uvuvi huo, na takribani watu 30,000 wakapoteza kazi. Hakuna ukurasa wa hesabu za taifa uliokuwa umeonyesha akiba ikiporomoka. Fundi wa mashine huandika uchakavu wa mashine yake. Bahari haikuandikiwa uchakavu.

Mlango umefunguka sasa. Machi 2021 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilipitisha mfumo wa hesabu za mifumo ikolojia, na Machi 2025 ikapitisha mfumo mpya wa hesabu za taifa unaotaka kupungua kwa maliasili kuandikwe kama gharama ya uzalishaji. Kwa sisi tuliopigia kelele jambo hili miaka mingi, hiyo ni habari kubwa. Jedwali letu la akiba lina safu nne tu: tulichoanza nacho, kilichoongezeka, kilichopungua, tulichobaki nacho. Tumelijaza kwa eneo la mikoko na nyasi bahari. Kwa matumbawe bado, maana eneo peke yake halisemi kitu: tumbawe lililokufa huchukua nafasi ile ile kwenye ramani kama lililo hai. Hapo tunahitaji wapiga mbizi.

Kuna mjadala mmoja haujakwisha kati yetu, nami sitaufunika. Baadhi yenu mnataka tuulize kaya zingekuwa tayari kulipa kiasi gani ili pwani yao ihifadhiwe. Njia hiyo ina heshima yake. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, watafiti waliwahoji Wamarekani ambao wengi wao wasingefika huko kamwe, wakakadiria hasara yao kuwa takribani dola bilioni 2.8. Mwaka 1993 jopo lililoongozwa na wachumi Kenneth Arrow na Robert Solow likakubali kwamba njia hiyo inaweza kutumika, kwa masharti makali. Wasiwasi wangu ni mfuko. Anayeulizwa atatoa kiasi gani hujibu kulingana na alichonacho, na kwa kipimo hicho pwani ya maskini itaonekana ya bei nafuu daima. Ninapendekeza tuulize kwa siku za kazi: ungetoa siku ngapi kwa mwaka kupanda na kulinda mikoko? Siku ya maskini na siku ya tajiri zina saa zile zile.

Nani anapata na nani anapoteza, hilo nalo litaandikwa katika kila ripoti. Nchini Thailand wachumi, akiwemo Edward Barbier, walionyesha kwamba bwawa la kufugia kamba lililochimbwa palipokuwa na mikoko lilimpa mwenyewe faida nzuri, zaidi ya dola 9,000 kwa hekta. Ruzuku ilipoondolewa kwenye hesabu, faida ilibaki kama dola 1,200. Mikoko iliyokatwa ilikuwa na thamani ya dola 12,000 hivi, nyingi zikiwa kinga dhidi ya dhoruba. Jumla haikuwa siri ya mtu, ila faida ilikwenda kwa mmoja na dhoruba ikawaendea wengine.

Kuhusu fedha za chama, mweka hazina atawasomea hesabu zake. Vitabu vimekaguliwa.

Mwaka 2022 IPBES, jopo la kimataifa la wanasayansi wa bayoanuwai, lilieleza kwamba njia za kupima thamani ya maumbile zimezidi 50, lakini chini ya asilimia 5 ya tafiti zilizochapishwa zinaonyesha kuwa matokeo yake yalitumika katika maamuzi. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na bado inaniuma. Kwa hiyo kamati tendaji inaleta kwenu ajenda mbili mkutanoni. Kwanza, tusianze utafiti wowote kabla ya kuandika jina la uamuzi utakaousaidia na ofisi itakayoufanya. Pili, kila jedwali tunalolitoa lirudi kwanza kwa kaya zilizohojiwa, lisomwe kwa sauti mbele yao, na masahihisho yao yaandikwe kabla ya kuchapishwa.

Mama yule wa ndoo ya chaza ameomba asomewe lake. Wadadisi wanarudi kwake bamvua lijalo.