Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Chama cha Redio ya Ridhaa

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Kwa hesabu ya katibu mko 16. Tulikodi viti 50, na mwenye viti anatudai vyote, vilivyokaliwa na visivyokaliwa.

Shughuli za kawaida za sisi tunaorusha redio kwa kuipenda, si kwa malipo, mnazijua, sitawachosha. Mkutano wa hewani wa Jumapili asubuhi kwenye mita 40 (kila "mita" kwetu ni bendi, yaani kipande cha masafa) uliendelea, ukiacha wiki chache ambazo msimamizi alikuwa msibani. Darasa la Morse, yaani mawasiliano ya milio mifupi na mirefu, lilianza na watu 11, likamaliza na 2. Jamboree ya Skauti Hewani ya Oktoba ilifanyika, vijana walifurahi, jenereta lilizima mara mbili. Ripita, mtambo wetu unaopokea sauti na kuirusha tena mbali zaidi, imepata betri mpya. Mita 10 imefunguka mwaka huu kama soko siku ya gulio, kwa sababu shughuli za jua ziko kileleni, na wenye antena wamefaidi.

Mwezi Mei ulitupima. Usiku wa kuamkia Mei 4, kimbunga Hidaya kikisogea Mafia, nilikesha kituoni mimi mwenyewe na chupa ya chai, mita 80 imejaa radi mpaka masikio yanauma. Mei 10 ikaja dhoruba ya jua, bendi zikanyamaza kama zimefungwa bomba. Mei 12 nyaya za intaneti za baharini zikakatika, na wale wanaotuuliza redio ya nini zama hizi wakapata jibu bila sisi kufungua mdomo. Nilitegemea baada ya hapo mahudhurio yangepanda. Mkutano wa Juni tulikuwa watano, na mmoja alikuja kumchukua mwenzake.

Sasa nije kwenye suala ambalo najua ndilo lililowaleta baadhi yenu leo, maana zipo sura hapa sijaziona tangu mkutano mkuu uliopita.

Mwezi Julai kamati iliwasimamisha wanachama wawili kutumia kituo cha chama, mmoja miezi mitatu na mwingine sita. Maneno yamesemwa. Nimeitwa polisi wa masafa. Nimeambiwa nimewauza wenzangu. Naomba nieleze bila kukatishwa, maswali baadaye.

Wa kwanza. Mwezi Juni tulipokea barua ya Mamlaka ya Mawasiliano yenye lalamiko la kampuni moja ya ulinzi. Kampuni hiyo ina leseni ya masafa yake, juu kidogo ya megahezi 147, na kwa wiki kadhaa ilikuwa inapata mgeni usiku. Mlinzi wa geti anaita zamu yake, anajibiwa na mtu anayetaja alama ya wito, lile jina la herufi na namba la kila mwenye leseni, na kuuliza anasikika namna gani. Mlinzi mmoja, kijana mwerevu, akaiandika ile alama kwenye daftari la magari, herufi kwa herufi. Nakala ya ukurasa huo iliambatanishwa kwenye barua. Juu kuna namba ya lori lililoleta maji, chini yake alama ya wito ya mwenzetu.

Mwenzetu hakuwa na nia mbaya, na nilisema hivyo kwa maandishi. Redio yake ni hizi za mkononi za Kichina, inarusha popote kuanzia 136 hadi 174 na haikuulizi una ruhusa au huna. Na alijifunza kwa video za Wamarekani, ambao mita 2 yao inaanzia 144 hadi 148. Sisi tuko Kanda ya Kwanza ya mgawanyo wa masafa duniani, Afrika pamoja na Ulaya, na yetu inaishia 146. Hilo lipo ukurasa wa kwanza wa kijitabu nilichokiandaa mwaka juzi kwa fedha yangu. Nakala 30 bado ziko kabatini.

Barua ilitaka jibu ndani ya siku 14. Wapo wanaosema ningejibu kwamba hatumfahamu. Jamani! Alama yake iko mbele yangu kwa mwandiko wa mlinzi, jina lake liko kwenye orodha ya wanachama tuliyoipeleka sisi wenyewe. Nilimpigia kwanza nikamwambia, kaka, andika barua ya kukiri, nami nitaambatanisha yangu ya kukutetea. Akasema ataandika Jumatatu. Jumatatu tatu zilipita. Nikajibu.

Wa pili ameniuma zaidi, kwa sababu ndiye aliyekesha upande wa pili wa hewa usiku ule wa Hidaya, na bila antena yake tusingepata kusini kabisa. Hilo sitamnyima. Lakini alfajiri, saa kumi, mita 40 inapofunguka kuelekea Amerika, yeye hupanda hadi kilohezi 7,225 kupiga soga na Wamarekani. Wao wanaruhusiwa mpaka 7,300. Kwetu mwisho ni 7,200, na kuanzia pale kwenda juu ni eneo la stesheni za utangazaji. Hoja yake ni kwamba Wamarekani wanamsikia vizuri na wanamkaribisha. Mmarekani yuko halali kwake, hana wajibu wa kujua mipaka yako wewe uliyeko Dar es Salaam.

Na njia halali ipo. Nilimwonyesha kwa mkono wangu kwenye redio ya kituo: unasikiliza 7,225, unarushia 7,160, na Mmarekani anageuza sikio lake huku chini. Wapo wanaotangaza kabisa kwamba wanasikiliza chini ya 7,200. Redio ina kitufe cha A na B kwa kazi hiyo hiyo. Alinijibu kwamba inachelewesha maongezi.

Wazee wa chama wanakumbuka tulivyolia miaka ile. Kati ya 7,100 na 7,200 zilijaa stesheni kubwa za utangazaji, ukifungua redio usiku ni taarifa za habari na filimbi tu. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003 ukaamua zihame, na mwisho wa Machi 2009 zikahama, eneo likawa letu. Leo mtu wetu anazifuata huko huko zilikohamia. Nilimwonya mara mbili kwa simu na mara moja kwa barua, nakala ninayo hapa kwenye faili la kijani.

Kuna hoja ya akidi. Kamati ina wajumbe 7, tulikaa 4. Kifungu cha 9 kinasema zaidi ya nusu, na nne ni zaidi ya nusu ya saba, hata mtoto wa shule atakwambia. Kwamba mmoja wa hao wanne alikuwa kwenye simu na chaji ikamwishia kabla ya kura, hilo limekwishajibiwa: alikuwa ametamka msimamo wake. Na si kweli kwamba tumemnyang'anya mtu leseni. Leseni inatolewa na Mamlaka na inachukuliwa na Mamlaka. Sisi tulichukua ufunguo wa chumba.

Nilizungumzie na lile la Oktoba, kwa kuwa limesambazwa kwenye kundi la WhatsApp kana kwamba nilificha. Wakati wa shindano la kuwasiliana kwa sauti la mwisho wa mwezi, kioo cha redio yangu kilikuwa kinasoma 14,349. Mita 20 inaishia 14,350, kwa hiyo asiyejua ataona niko ndani ya uzio. Ila kwenye saidibendi ya juu, namna ya kurusha tunayoitumia pale, sauti haikai pale kioo kinaposoma, inapanda juu yake karibu kilohezi tatu. Yaani mimi nimeketi ndani, sauti yangu iko nje barabarani, karibu 14,352. Nakiri. Niliita mara mbili, nikagundua mwenyewe bila kuambiwa na mtu, nikashuka hadi 14,345 na kuliandika kosa kwenye daftari la kituo kwa wino mwekundu. Daftari lipo mezani, mwenye kutaka alione. Tofauti na wenzetu ni kwamba mimi sikusubiri kuonywa mara tatu. Kwa aliyeuliza kwa nini kamati haikunijadili, ajenda ya Novemba ilikuwa imejaa.

Na kwa kuwa tuko hapo, ninyi mnaoita CQ, wito wa kumwita yeyote anayesikia, kwenye 14,100, mnajijua. Hilo halikuvunjii leseni, ni suala la adabu, lakini lina madhara yake. Pale ni mahali pa bikoni 18, mitambo ya kupimia hali ya hewani, zilizopangwa dunia nzima, kila moja ina sekunde 10 zake ndani ya dakika tatu. Inataja alama yake, kisha inapiga mistari minne, yaani milio mirefu, wa kwanza kwa wati 100 na wa mwisho kwa sehemu moja tu ya kumi ya wati. Moja imepangiwa majirani zetu Kenya, 5Z4B. Mtu ametega sikio ausikie ule mstari wa mwisho ajue njia iko wazi kiasi gani, wewe unamfunika kwa sauti ya wati 100 ukiuliza kama kuna mtu.

Fedha. Ada 1,020,000, michango ya hiari 340,000, mauzo ya waya na vifaa vilivyotumika 85,000, jumla 1,445,000. Tumetumia 1,552,000: kodi ya chumba 600,000, betri za ripita 640,000, umeme 312,000. Pengo la 107,000 nimelifunika mimi kwa muda, na sijadai riba. Hesabu zingekuwa na sura nyingine kama ada ingelipwa. Tuko 43 kwenye orodha, waliolipa ni 17. Hao 26 wanadaiwa 1,560,000, ambayo ni zaidi ya matumizi yetu yote ya mwaka. Nimewapigia mmoja mmoja. Wawili walinijibu kwamba hawawezi kukilipia chama kinachofungia watu, lakini nimeangalia kitabu: deni lao linaanzia mwaka 2022.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kufanya darasa la mipaka ya bendi, kuinua mlingoti wa antena ikipatikana fedha, na kutazama uwezekano wa ripita ya pili sehemu ya juu zaidi. Mwenzetu wa miezi mitatu alisharudi na tumemkabidhi ufunguo. Wa miezi sita anamaliza mwezi ujao. Jumapili iliyopita nilimsikia 7,160, safi kabisa, nikamwita. Hakunijibu.

Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti, na chenji anayo.

Mwenyekiti