Mhariri, homa ya ini si moja

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wa juma lililopita uliandika kwamba homa ya ini haina dawa, na kwamba ini husinyaa kwa ulevi. Nilisomewa na kijana wa duka ninaponunua uzi hapa Langoni, Lamu. Alisoma kwa sauti, watu wakisikia, bila kujua kwamba anamsomea mgonjwa. Nikachukua uzi wangu nikarudi nyumbani, na usiku ule nikamwambia mume wangu safari ya matibabu ya Malindi tuiache, pesa za watoto zisipotee bure. Ndiyo sababu nakuandikia.

Mimi ni mshonaji wa kofia za vito, zile za vitundu vya kudarizi, umri wangu miaka 59. Pombe sijapata kuionja. Nina homa ya ini ya aina ya C, na ini langu limekwisha kusinyaa na kujaa makovu, hali ambayo madaktari huiita sirosisi. Njia ninayoidhania ni moja tu. Mwaka 1988 nilijifungua mtoto wangu wa pili, damu ikanitoka nyingi, nikaongezwa chupa tatu. Kirusi cha C kilikuja kutambuliwa mwaka 1989. Siku ile hapakuwa na kipimo popote duniani ambacho kingekiona, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Walionitolea damu nawaombea dua mpaka leo, kwa kuwa bila wao mtoto yule angelelewa na mama mwingine.

Zaidi ya miaka 30 sikuhisi kitu. Kisha leso niliyokuwa nikiizungusha kiunoni ikabaki shibiri nzima ya kupindia, ikaanza kufika ncha kwa ncha. Wenzangu wakanisifu kwamba nimenawiri, na huku mikono imebaki mifupa. Lilikuwa tumbo limejaa maji.

Lakini tumbo halikunitisha kama jambo la pili. Alasiri moja nilitoka kwa dada yangu Mkomani nikashindwa kuijua njia ya kurudi kwetu, mimi niliyezaliwa na kukulia katika vichochoro hivi hivi. Nikakaa kwenye baraza ya watu nikilia, mpaka mtoto wa madrasa akanishika mkono akanifikisha mlangoni. Daktari alinieleza kwamba ini likichoka kusafisha damu, sumu hupanda kichwani. Akanipa dawa ya maji, tamu kama asali, ya kulainisha choo. Baada ya siku chache kichwa kikatulia, na mkono uliokuwa ukitetemeka, sindano ikikosa kitundu, ukatulia pia.

Sasa nirudi kwenye mlichoandika. Homa za ini ni kadhaa. Aina ya B ina chanjo, watoto wetu wachanga huchanjwa, na aliyekwisha kuipata ikamganda mwilini, dawa humtulizia tu. Aina ya C haina chanjo, lakini inapona. Inapona, Mhariri, naomba neno hilo mlichapishe. Ni kidonge kimoja kwa siku kwa wiki 12, ndani yake mna sofosbuviri na velpatasviri, na kati ya wagonjwa 100 zaidi ya 90 damu yao hubaki haina kirusi. Kwa sisi ambao ini limekwisha kuharibika hivi idadi hupungua, lakini bado wanaopona ni wengi kuliko wasiopona. Daktari hakunificha: kovu halifutiki lote, na hata nikipona nitapigwa picha ya ini kila baada ya miezi 6 kuangalia saratani.

Kama ni hivyo, mbona nilikaa miezi minane bila kuamua? Kwanza kwa sababu ya jirani yetu mmoja, aliyetibiwa zamani huko Arabuni alikokuwa akifanya kazi. Alikuwa akichomwa sindano ya intaferoni kila wiki, karibu mwaka mzima. Aliporudi likizo nilimwona amelala sakafuni anatetemeka chini ya mablanketi mawili, mwezi wa Machi, jua la utosi. Hakuimaliza dawa. Niliposikia neno matibabu, ni yeye niliyemwona. Vidonge vya sasa havina sindano ile, lakini picha ya sakafuni haikutoka upesi.

Pili, kwa mtu aliyekwisha kujaa maji tumboni, njia ni mbili: wiki 12 pamoja na dawa nyingine iitwayo ribavirini, au wiki 24 bila hiyo. Ribavirini hupunguza damu, na damu yangu ni haba tayari. Wiki 24 nazo ni gharama maradufu na safari maradufu. Mume wangu alitaka ya mkato, mwanangu wa kwanza alitaka ya salama. Wifi yangu alitaka mitishamba, akaniletea chupa mbili, na akanitengea kikombe changu chenye mstari wa buluu kisichanganyike na vya watoto. Simchukii, aliogopa. C huenda kwa damu: sindano, wembe, vifaa visivyochemshwa. Haiendi kwa kikombe wala kwa sinia. Kikombe nimekirudisha kabatini mwenyewe, na mitishamba daktari alinikataza kabisa, pamoja na zile dawa za maumivu nilizokuwa nikizimeza kwa ajili ya mgongo wa kushona.

Wapo watakaosema huu ni ugonjwa wa vijana wa unga. Ni kweli wanaoshirikiana sindano huupata kwa wingi, na vidonge hivi ni haki yao kama ilivyo haki yangu. Misri wengi waliupata hospitalini, kwa sindano za kutibu kichocho zilizotumika mtu baada ya mtu. Nchi ile mwaka 2018 ilianza kuwapima watu wake, ikafikia karibu milioni 50 katika miezi saba, na waliokutwa nao wakapewa dawa. Sisi kipimo cha kidole huonyesha tu kwamba kirusi kiliwahi kuingia. Kujua kama bado kimo, mimi nilivuka kwa boti mpaka Mokowe, nikapanda basi, Hindi, Witu, Garsen, tumbo likinigonga kila tuta mpaka Malindi. Na mashine zile zinazopima makohozi ya kifua kikuu zinaweza kupima kirusi hiki pia, zikiwekewa katriji yake. Waandishi wenu waiulize kaunti swali hilo.

Mimi nimeamua. Ni wiki 24, bila ribavirini. Jumatatu napimwa kwanza B, kwa kuwa ikiwa imejificha mwilini dawa ya C huweza kuiamsha, kisha naanza. Kofia nne zilizokwisha zinauzwa kwa ajili ya nauli.

Naomba masahihisho yatoke ukurasa ule ule, kwa herufi kubwa zile zile. Nitalipeleka gazeti dukani kwa mkono wangu, nimpe yule kijana alisome kwa sauti.

Mshona kofia,
Langoni, Lamu
(Jina langu mnalo, naomba lisichapishwe.)