Tusinunue matairi ya kuvuta tela kwa macho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumze na wenzangu wenye pikapu za kazi, hasa tunaovuta matela ya mashine, matangi ya maji, mifugo na mazao katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, kuhusu namna tunavyochagua matairi mapya pale yaliyopo yanapokwisha. Msimu wa mavuno unakaribia na maduka ya matairi yataanza kujaa wateja. Wengi wetu tutaingia dukani tukiuliza bei, tutatazama ukubwa wa kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, kisha tutalipa. Nami nilinunua hivyohivyo kwa miaka mingi, na nusura nipoteze watu.

Nina Land Cruiser pikapu, mkonga kama tunavyoiita, ambayo huvuta tela lililofungwa mashine ya kupukuchua mahindi kutoka kijiji hadi kijiji. Mashine na tela kwa pamoja vina uzito wa kilo 2,400. Mwaka juzi nilikuwa natoka Morogoro kuelekea Iringa, tumeshaivuka Mikumi, jua la saa nane mchana likiwa linawaka juu ya lami, ndani tumekaa watatu na nyuma kuna mapipa mawili ya dizeli, mikanda ya akiba na sanduku la vyuma. Kabla hatujafika Ruaha Mbuyuni tairi la nyuma la kulia liliachia. Haikuwa pancha, kwa sababu kashata nzima ilibanduka ikawa inachapa bodi kwa mfululizo, na tela likaanza kuyumba huku na huku likitaka kuligeuza gari. Nilishika usukani kwa mikono miwili na kuacha mafuta bila kugusa breki, hadi tukasimama nje ya barabara. Lori lililokuwa likija mbele yetu lilishapunguza mwendo. Tulishuka wazima wote watatu, na kijana wangu wa mashine alikaa chini kwenye majani kwa muda mrefu bila kusema neno.

Fundi aliyelivua tairi lile alilitoa kwenye rimu, akaingiza mkono ndani na kuutoa ukiwa umejaa unga mweusi. Ulikuwa mpira wa tairi lenyewe, uliosagwa na ubavu uliokuwa ukijikunja na kujikunjua kilometa baada ya kilometa kwa kulemewa na uzito. "Mzee wangu, hili halikuchomwa na kitu," aliniambia, "hili limechoka kubeba." Tairi lilikuwa na miezi mitano tu na kashata zake zilikuwa bado ndefu. Aliponielekeza ubavuni nikasoma maandishi ambayo sikuwahi kuyajali: 265/70R16 112T.

Namba 112 ndiyo habari yenyewe. Ni namba ya ubebaji, na kila namba ina uzito wake uliokubalika duniani kote, ambapo 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 115 ni kilo 1,215, 118 ni kilo 1,320, 121 ni kilo 1,450 na 123 ni kilo 1,550. Herufi inayofuata ni ya mwendo wa juu kabisa, na T ni kilometa 190 kwa saa, mwendo ambao hakuna mtu mwenye tela anayeuhitaji. Muuzaji aliniuzia tairi la kupendeza, lenye kashata za gari la porini, ambalo ndani yake lilikuwa tairi la gari la abiria. Tairi la namna hiyo likifungwa kwenye pikapu, kanuni inayofuatwa na watengenezaji wa Marekani ni kuugawa uwezo wake kwa 1.10, kwa kuwa pikapu hulitesa kuliko saluni. Kwa hiyo zile kilo 1,120 zinabaki 1,018, na matairi yote mawili ya nyuma yanabeba kilo 2,036.

Je, ekseli yangu ya nyuma ilikuwa imebeba kiasi gani? Sikuwa najua, na naamini wengi hatujui. Nilipokwenda baadaye kwenye mizani ya ghala moja la mahindi pale Makambako, nikiwa na tela, watu na mzigo uleule, nikapandisha magurudumu ya nyuma ya gari peke yake, ilisoma kilo 2,120. Tulikuwa tumezidi, tena mapipa ya dizeli yote mawili yalikuwa upande wa kulia.

Hapa pana jambo linalotuponyoka tunaovuta. Tunadhani uzito wa tela unabebwa na magurudumu ya tela. Sehemu kubwa ni kweli, lakini tela lililopakiwa vizuri linatakiwa kulalia ndoano ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, la sivyo litayumba barabarani. Kwa tela langu hiyo ni kama kilo 300. Kwa kuwa ndoano iko nyuma ya ekseli, uzito huo unafanya kazi kama mtaimbo, yaani unabonyeza nyuma na kuinua mbele. Urefu kati ya ekseli mbili za gari langu ni sentimeta 318, na ndoano imetokeza kama sentimeta 120 nyuma ya ekseli, hivyo kilo 300 za ndoano zinakuwa zaidi ya kilo 410 juu ya matairi ya nyuma. Springi zikiongezwa majani, kama tunavyopenda kufanya, gari linanyooka na linapendeza, ila tairi linabaki na mzigo uleule.

Nilinunua upya matairi manne ya saizi ileile, safari hii yakiwa na herufi LT mbele, yaani ya magari mepesi ya mizigo, na namba 121/118 ubavuni. Namba ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake kila upande, na ya pili ni ya gari lenye matairi pacha, kwa hiyo sisi wa pikapu tunaisoma ya kwanza. Mawili ya nyuma yanaweza kubeba kilo 2,900. Maduka mengine huyaita ya plai 10, na ni vizuri ieleweke kwamba hiyo siku hizi ni kipimo cha nguvu, haimaanishi kwamba ndani kuna matabaka kumi ya nyuzi. Wenye rimu nyembamba za kiwandani wasione aibu kubaki na 7.50R16 za tubu au 225/95R16C, ambazo ni matairi ya mzigo hasa. Nimeona watu wakiyatupa ili wafunge mapana ya kupendeza, wakashuka uwezo bila kujua.

Lakini kununua tairi la 121 hakutoshi, na hili ndilo ninaloomba lisomwe kwa makini kuliko yote. Zile kilo 1,450 zipo tu tairi likiwa na upepo wa PSI 80. Tairi hilohilo likijazwa 35, kama mafundi wengi wanavyojaza kila pikapu kwa mazoea, halifikishi hata kilo 1,000, yaani umelipa fedha nyingi ukapata tairi dhaifu kuliko lile ulilolitupa. Kwa uzito wangu wa kilo 2,120 jedwali la upepo linataka takriban 50 nyuma, nami naweka 60 kwa kuwa mzigo haulali sawa pande zote. Gari likiwa tupu napunguza, maana tairi gumu huruka kwenye makorongo na kukosa mshiko kwenye lami yenye maji. Upepo upimwe asubuhi gari halijatembea. Ukipima Ruaha Mbuyuni saa nane mchana utakuta umepanda, na huo usiupunguze, kwa sababu ni joto tu. Tena valvu za kawaida za mpira kwa magari madogo zimetengenezwa kwa upepo usiozidi 65, kwa hiyo anayetaka kufika 80 afunge valvu za chuma, na ahakikishe rimu zake zinaruhusu.

Kuhusu kashata, maoni yangu ni kwamba zile kubwa za matope hazifai kwa mtu ambaye safari yake kubwa ni lami. Vipande vyake virefu vya mpira hutikisika, huzalisha joto, na gari linaloyumbishwa na tela huonekana kana kwamba linaelea. Najua udongo wa Njombe mwezi wa Machi, na sisemi tufunge matairi laini ya mjini. Kashata za wastani, za lami na vumbi, juu ya tairi la LT lenye ubavu mgumu, zimenitosha hata kwenye njia za mashamba. Wala tusipandishe saizi. Tairi kubwa kuliko la kiwandani hubadilisha uwiano wa gia, gari linachoka kupandisha na injini inashika kidogo wakati wa kushuka, na yeyote aliyewahi kuteremka Kitonga akisukumwa na tela anajua kwamba kule chini injini ndiyo inayookoa breki. Spidomita nayo itasoma pungufu.

Asiye na fedha za manne anunue mawili na ayafunge nyuma, ila asiache tofauti kubwa ya kimo kati ya mbele na nyuma, kwa kuwa ukiingiza gia za magurudumu manne ekseli mbili hulazimishwa kuzunguka sawa na mitambo huumia.

Tela nalo lisigeuzwe jalala la matairi. Ni desturi yetu kuyavua ya gari yakiwa yamekwisha na kuyapeleka kwenye tela, tukisahau kwamba tela langu lina ekseli moja na magurudumu mawili yanayobeba kilo 2,100 bila msaada wa mtu. Tairi likipasuka kule dereva huchelewa kujua, na anapojua tela limeshaanza kumvuta.

Naomba pia tusome tarehe. Mwishoni mwa maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne, na 4319 maana yake ni wiki ya 43 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni dukani, na la akiba lililoning'inia chini ya bodi kwa miaka kumi halifai kuaminiwa hata kama vinyweleo vyake bado vipo. Kwa matairi ya mtumba sina neno refu: huwezi kuona kutoka nje kama ndani kuna ule unga mweusi, kwa hiyo kwa kuvuta tela nasema hapana.

Kwa wauzaji, ninaomba kitu kidogo ambacho hakina gharama, kwamba stakabadhi iandikwe namba ya ubebaji na tarakimu nne za tarehe pamoja na saizi, na kwamba mteja anayekuja na pikapu yenye ndoano nyuma aulizwe anavuta nini kabla hajaonyeshwa tairi lolote. Na kwa askari wetu wa usalama barabarani, ambao hutukagua vipara kwa uangalifu, ninaomba wainame sentimeta chache zaidi wasome ubavu. Nililipasua tairi lisilo na kipara hata kidogo, na siku ileile nilikuwa nimesimamishwa mara mbili nikaruhusiwa kuendelea.

Msomaji wako,
Mwenye mashine ya kupukuchua,
Makambako, Njombe