Gwaride huharibika kabla shahidi hajaingia

Mhariri,

Wizi wa mabavu unaweza kumfikisha mtu kwenye hukumu ya kifo, na mara nyingi ushahidi wote ni macho ya mlalamishi aliyemwona mwizi usiku kwa sekunde chache. Ajabu ni kwamba bado gwaride la utambulisho, yaani mshukiwa kupangwa mstari na watu wengine ili shahidi amguse aliyemwona, hufanywa ili fomu ijazwe tu.

Kanuni zake si ngeni. Kesi ya Mwango ilizieleza tangu 1936. Mshukiwa asimame kati ya watu wasiopungua 8 wanaolingana naye kwa umri, kimo, sura na hali ya maisha. Anayepeleleza kesi asiliongoze. Mshukiwa aruhusiwe wakili au rafiki, achague pa kusimama, na kila shahidi akitoka aweze kuhama.

Tatizo liko kwenye vitu vidogo. Mshukiwa katolewa seli baada ya kulala humo usiku kucha: hana mshipi, viatu havina kamba, shati limekunjamana. Wale 8 wameombwa kutoka barabarani, mishipi kiunoni, nywele zimechanwa. Hata mtu ambaye hakuwapo siku ya wizi atajua wa kugusa. Dawa ni rahisi: wote wavue mishipi na viatu. Mshukiwa akiwa na kovu shavuni, wote wabandikwe plasta papo hapo shavuni.

Lakini gwaride safi haliponyi kosa lililotangulia. Shahidi akishaonyeshwa picha ya mshukiwa kwenye simu, au akipishana naye mlangoni pa kituo akiwa na pingu, atakachokumbuka gwarideni ni picha ile na pingu zile. Kwa hivyo sura ya mwizi iandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, siku ile ile: kimo, nguo, alama. Na taa je? Katika kesi ya Maitanyi, 1986, Mahakama ya Rufani ilitaka ijulikane ni taa ya aina gani, ina mwanga kiasi gani, na ilikuwa upande gani wa mshukiwa. "Kulikuwa na stima" haitoshi. (Kama shahidi anamfahamu mtu huyo, gwaride la nini? Aandikishe jina.)

Tunawaomba maOCS, wakuu wa vituo vya polisi, mambo mawili. Aliye na shahidi gwarideni awe afisa asiyejua mshukiwa ni yupi, maana hata kukohoa kunaelekeza. Pili, maneno ya shahidi yaandikwe yalivyotoka. "Nadhani ni huyu" ya kituoni, ikifika kortini baada ya miezi kadhaa, huwa imegeuka "ni yeye, nina hakika".

Mawakili wa kesi za jinai,
Nairobi