Asante, mzee wa ovaroli ya buluu

Mzee wangu uliyenisaidia Jogoo Road, jina sikulipata na hela ulikataa, kwa hiyo asante yangu naiandika hapa. Peugeot 504 aliyoniachia marehemu baba ilikuwa ikizimika kila ikienda kwa muda, na mafundi wa kwanza walishaamua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, itupwe. Wewe hukuigusa. Ulichomoa paipu inayoingia kwenye kabureta ukaielekeza ndani ya chupa, ukatoa waya wa koili ili injini isiwake, ukaniambia nipige stata. Petroli ikadondoka kidogo kidogo. Ndipo ukafungua kifuniko cha tangi: hewa ikaingia kwa mluzi, na stata iliyofuata petroli ikaja kwa nguvu! Kitundu cha kupitisha hewa kwenye kifuniko kilikuwa kimeziba kwa vumbi. Mafuta yanatoka, hewa haiingii mahali pake, pampu inavuta hadi inashindwa. Ukakizibua kwa waya mwembamba.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba ulinieleza kila hatua bila haraka, na wateja wako wanangoja. Gari hilo nalipenda mno. Sasa linapanda hadi Limuru bila kukohoa. Mungu akuzidishie, mzee wangu.