Muvi baadaye, komiki yenyewe iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niseme neno kuhusu ile makala mliyotoa juu ya wachoraji wa komiki wa kujitegemea na miradi yao. Makala ilikuwa nzuri, sijakataa, na kuona watu wa kazi hii wanapewa ukurasa mzima gazetini ni jambo la kushukuru maana mara nyingi tunaonekana tunachezea penseli tu, ila nilipomaliza kusoma nikabaki najiuliza, komiki zenyewe ziko wapi? Karibu kila aliyehojiwa alianza na muvi. Huyu stori yake ikifika kwenye skrini kubwa itakuwa moto, yule ameshachagua steringi atakuwa nani, mwingine mpaka posta ameshatengeneza, ina majina ya waigizaji chini na "inakuja hivi karibuni" kwa maandishi ya dhahabu, halafu kitabu kimefika ukurasa wa ngapi unaambiwa bado tunamalizia toleo la kwanza. Hii ni kununua sare za harusi kabla hujaposa.

Mimi kazi yangu ni kuandika maneno kwenye viputo, vile vimduara vya maneno wanayosema wahusika, nawaandikia wachoraji wengine, kwahiyo kurasa nyingi zinapita mkononi mwangu kabla msomaji hajaziona, na kusema ukweli siku hizi naweza kukutambulia ukurasa wa mtu anayewaza muvi bila hata kusoma neno moja. Paneli, yaani vile visanduku vya picha, zote ndefu za kulala, upana wa skrini, zimepangwa juu mpaka chini ukurasa baada ya ukurasa. Nafasi ya maneno hakuna, kwa sababu kichwani mwa mchoraji maneno yatasemwa na waigizaji, mimi nijibane huko kwenye kona. Unakuta mapigano ya kurasa kumi ambayo kwenye muvi yangekuwa nusu dakika yenye muziki, lakini kwenye karatasi hakuna muziki, kuna ngumi hewani, unageuza ukurasa ngumi bado iko hewani ila tumezunguka tunaiangalia kwa nyuma, maana kwenye skripti mtu kaandika kabisa "kamera inazunguka". Kamera ya nani jamani?

Chukua kitu kidogo tu kama mlango. Kwenye muvi mlango unafunguliwa na dairekta, kwa kasi anayoitaka yeye, wewe umekaa unasubiri. Kwenye komiki mlango anafungua msomaji mwenyewe. Mchoraji anayeijua kazi anaweka mkono kwenye kitasa kwenye paneli ya mwisho kabisa, chini kulia, vidole na kitasa basi, halafu kilichopo nyuma ya mlango anakiweka ukurasa wa kushoto ukishageuza, ukurasa mzima bila kugawanya. Msomaji mwoga anaweza kukaa pale kwenye kitasa hata dakika tano, anaweza kurudi juu kuangalia tena uso wa yule dada kwenye paneli ya tatu kama alikuwa anajua au hajui. Na mimi nikikosea kidogo, yaani kale kaputo ka "Nani yuko humo?" nikakaweka chini ya vidole badala ya juu kushoto, jicho linapita haraka na mshtuko umekufa. Huo ndio utamu wa kitu chetu na hakuna bajeti ya Hollywood inayoweza kuununua, sasa mtu anayechora akisubiri kamera anautupa huo utamu wote anabaki na nini? Anabaki na muvi isiyo na sauti, haisogei, na haijaisha.

Najua nitaambiwa nina wivu, au siamini ndoto za watu. Naziamini sana. Ila tuangalie zilizofanikiwa zilianzaje. Teenage Mutant Ninja Turtles ilianza kama mzaha wa marafiki wawili, Kevin Eastman na Peter Laird, wakachapisha wenyewe toleo la kwanza mwaka 1984, nyeusi na nyeupe, nakala kama 3,000 hivi, kwa pesa ya kuungaunga ikiwemo mkopo kutoka kwa mjomba wa Eastman. Kitabu kiliisha sokoni, wakachapisha tena, wakaendelea kutoa matoleo, ndipo zikaja katuni za TV na midoli, na muvi ikaja 1990 baada ya studio kubwa kuikataa, ikaingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Yaani muvi ilikuta watu tayari wana kitu mkononi cha kuwaonyesha. Marjane Satrapi naye alichora maisha yake ya utotoni Irani, Persepolis, wino mweusi tu, vitabu vinne kuanzia mwaka 2000, ukivisoma huoni popote anapokonyeza prodyuza, na muvi ilipokuja 2007 aliiongoza mwenyewe pamoja na Vincent Paronnaud na ikabaki imechorwa, nyeusi na nyeupe sehemu kubwa, mpaka ikabeba zawadi ya majaji Cannes. Marguerite Abouet na Clément Oubrerie nao hivyohivyo, Aya wa Yopougon alianza kutoka 2005, stori za wasichana wa mtaani Abidjan, mapenzi na umbea na wazazi wakali, hakuna mlipuko hata mmoja, na muvi ya 2013 wakaiongoza wao wawili. Ukiangalia hao wa mwisho walipewa usukani kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeweza kujifanya anaijua ile dunia kuliko wao, ilikuwa imeshakamilika kwenye karatasi.

Sasa atatokea mjanja aniambie, mbona Roye Okupe, yule mtunzi wa komiki kutoka Nigeria? Haki yake kuuliza. Okupe alitaka katuni za kwenye skrini tangu mwanzo, akakosa wa kumpa pesa, akageukia komiki, na leo komiki yake ya Iyanu iko kwenye TV kama katuni tangu 2025. Sawa kabisa, lakini kati ya kukosa pesa na kuingia TV pana miaka kumi na zaidi, na ndani ya hiyo miaka jamaa alitoa vitabu, kuanzia 2015 huko, kimoja baada ya kingine, kwa kampuni yake mwenyewe kabla ya kuingia na mchapishaji mkubwa. Posta pekee haikumfikisha. Mtu akitaka kupita njia ya Okupe mimi nitamwandikia viputo mpaka vidole vife ganzi, ila aipite yote.

Lingine ambalo makala yenu ilipita juu juu ni hili la mmoja wa wale wachoraji kusema komiki yake "imeshachukuliwa" na prodyuza. Hapo wasomaji wengi watakuwa wameelewa muvi inatengenezwa. Mara nyingi kinachochukuliwa ni opsheni tu, na tofauti yake na muvi ni kubwa. Opsheni ni prodyuza anakulipa kiasi kidogo ili kwa muda fulani, mwaka mmoja au mmoja na nusu kwa kawaida, usimpe mtu mwingine stori yako, yeye akizunguka kutafuta pesa, dairekta, studio. Akipata, ndio analipa ile bei kamili ya kununua haki. Asipopata, muda unaisha au anaongeza pesa kidogo anasogeza mbele, na nyingi zinaishia hapohapo. Hakuna anayekuwa amekudanganya, ndivyo biashara ilivyo, ila wewe ukienda kutangaza kwa ndugu na marafiki kwamba unaenda Hollywood umejiwekea maswali ya kila sikukuu.

Na hata ile iliyovuka opsheni ikanunuliwa bado haijafika. Nimona ya ND Stevenson ilianza mtandaoni 2012, ikawa kitabu 2015, haki za muvi zikanunuliwa mwaka huohuo, studio ya Blue Sky ikaanza kazi, kazi ikafika mbali kabisa, halafu 2021 Disney wakaifunga studio yenyewe na muvi ikabaki yatima. Ilikuja kuokolewa na kampuni nyingine ikatoka Netflix 2023. Miaka 8 tangu haki zinunuliwe, na hiyo ni stori yenye mwisho mzuri. Katika miaka yote hiyo ya mashaka kitabu kilikuwepo, kinauzwa, watu wanakisoma na kukipenda. Kama Stevenson angekuwa na posta tu na kurasa sita za majaribio, kipindi kile studio imefungwa angekuwa na nini cha kushika?

Halafu hakimiliki, hapa ndipo naomba vijana wasome taratibu hata kama mengine wameruka. Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza Superman kwa dola 130. Mia na thelathini, wagawane wawili. Walihangaika miaka na miaka mahakamani na nje ya mahakama, na ni mwishoni mwa 1975, wakati muvi kubwa inaandaliwa, wazee wameshachoka na Shuster macho yameshafifia, ndipo kampuni inayomiliki Superman ikakubali kuwapa pensheni ya mwaka na kuwarudishia majina yao kwenye kazi yao wenyewe. Watu wanaisikia hii stori wanasikitika halafu kesho wanasaini karatasi bila kusoma. Mimi nimeshaonyeshwa mkataba na rafiki yangu mmoja mchoraji, wa kampuni ambayo sitaitaja, kurasa chache tu na lugha laini, ila katikati pale palikuwa na sentensi moja ndefu kwamba mchoraji anakabidhi haki zote, duniani kote, milele, kwa kila aina ya chombo cha habari kilichopo sasa na kitakachobuniwa baadaye. Kitakachobuniwa baadaye! Yaani kitu ambacho hata hakijagunduliwa jamaa ameshakiuza. Na chini yake malipo yalikuwa ya kurasa tu, sio ya wahusika wala stori. Alipowauliza kama haki zitarudi kwake wasipofanya kitu wakamwambia hiyo ni fomu ya kawaida kila mtu anasaini. Hakusaini, na bado anachora.

Tusisingizie makampuni peke yake lakini. Komiki nyingi za kujitegemea ni za watu wawili watatu, mmoja anaandika mwingine anachora, ni washkaji, hakuna karatasi, wanaambiana tutagawana. Ikishakuwa kubwa ndio unajua kama mligawana. The Walking Dead ilianza 2003 na watu wawili, Robert Kirkman akiandika na Tony Moore akichora, na 2012, TV series ikiwa inatazamwa na mamilioni, Moore alimpeleka mwenzake mahakamani kuhusu haki na pesa, wakaja kumalizana nje ya mahakama mwaka huohuo. Hao walikuwa marafiki wa tangu utotoni. Karatasi ya ukurasa mmoja inayosema nani ana asilimia ngapi ya nini, na mmoja akiondoka inakuwaje, iandikwe kabla ya paneli ya kwanza, wakati hakuna pesa ya kugombania na kila mtu bado anacheka.

Kuhusu wale wanaoogopa kuonyesha kazi yao isiibiwe, wanaficha kila kitu wanatoa jina la mradi tu, hofu yenu naielewa ila kwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, na ni nyingi mno, hakimiliki inaanza pale unapokichora, huhitaji mhuri wa mtu. Kinacholindwa ni kazi yenyewe uliyochora na kuandika. Wazo la "shujaa anayerithi nguvu za babu yake" halilindwi na mtu, ni la kila mtu, kwahiyo tena tunarudi kwenye kurasa. Ukiwa na kurasa 60 zenye tarehe umeshika kitu. Ukiwa na wazo na posta, yeyote anaweza kuja na wazo lake na posta yake nzuri kuliko yako.

Sijui kama haya yatawafurahisha wenzangu, wengine najua watasema nakatisha tamaa. Mimi muvi nazipenda, naangalia hata zile mbaya. Na siku mmoja wa hawa ninaowaandikia viputo akipata dili la kweli nitakuwa wa kwanza kupanga foleni nikague kama wamelibakiza jina la mhusika lilivyoandikwa.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Mkirudi kwa hawa vijana, na naomba mrudi kwa sababu wengine pale wana vipaji vya kutisha, msichape tena posta. Waombeni ukurasa mmoja uliokamilika, wenye wino na maneno yake, muuchape ukubwa wa gazeti watu wausome. Waulizeni toleo la pili linatoka lini, nani anamiliki, na msomaji atalipata wapi. Na majina muweke yote, mwandishi, mchoraji, aliyetia wino, aliyetia rangi, na yule aliyeandika viputo, maana safari iliyopita huyo mlimsahau.

Msomaji wenu,
Mwandika viputo